Sakafu ya Basi Letu, 1979 hadi 1984

Ndugu wahitimu, na ninyi vijana mlioko shuleni sasa,

Kila tunapokutana husimuliwa habari za timu ya mpira na za uji wa asubuhi. Mimi naomba nafasi niandike juu ya sakafu ya basi, kwa sababu sakafu ile nusura itwae mguu wa mwenzetu, nami nilikuwa na mkono wangu katika kuiharibu.

Basi letu kwa chini lilikuwa lori la Bedford. Kwa juu lilikuwa kazi ya mafundi wa humu nchini. Ndivyo yalivyoundwa mabasi mengi enzi zile: chasisi ilitoka Uingereza, bodi ikaundwa gereji, na juu ya vyuma vya kukingama ikatandikwa plaiwudi. Plaiwudi ni nyepesi, nayo haipasuki ovyo, lakini maji yakipenya ukingoni au katika tundu la skurubu hayatoki upesi.

Atauliza mtu, mbao zinaozaje Singida, mkoa unaopata mvua ya milimita 500 hadi 800 tu kwa mwaka, tena karibu yote kati ya Novemba na Aprili? Jibu ni sisi wenyewe. Kila Jumamosi zamu ya usafi ililipeleka basi kando ya Ziwa Singidani, tukamwaga ndoo za maji mpaka chini ya viti. Maji ya ziwa lile yana chumvi. Yalipita chini ya zulia la mpira yakatulia humo, chumvi ikala skurubu, na ukuvu ukala mbao. Mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa zamu, na nilijivunia sana basi lile lilivyong'aa.

Mwaka 1979 tulikuwa tukienda Kiomboi kucheza mpira. Kijana wa kidato cha kwanza alisimama kumpisha mwenzake, mara mguu ukazama hadi gotini. Tulipiga kelele, dereva akasimama. Propela ilikuwa inazunguka karibu kabisa na kisigino chake. Alichubuka vibaya lakini mguu ulipona. Mechi haikuchezwa.

Wakati huo nchi ilikuwa vitani. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevamia Kagera Oktoba 1978, nasi tuliambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, ambayo kwa kweli ilirefuka. Plaiwudi ikawa ya kutafutwa kama dawa. Kwa hiyo tulipigilia mbao za makasha juu ya ile iliyooza. Hilo lilikuwa kosa, maana ukuvu haukuondoka. Ulipewa chakula kipya. Baada ya misimu michache ya mvua sakafu ilibonyea tena kama godoro.

Mwaka 1984 ndipo alipoletwa seremala mmoja mzee kutoka Manyoni. Aling'oa viti vyote na zulia, akapita na bisibisi akichoma kila shubiri, ilipozama, alikata. Mwisho hakubakiza kitu. Vyuma tukavisugua kutu na kuvipaka rangi nyekundu. Badala ya plaiwudi alitaka mbao za mninga kutoka misitu ya Itigi. Mwalimu wa ufundi alipinga, akisema uzito utakula mafuta, nayo mafuta yalikuwa ya mgao. Nadhani hesabu yake ilikuwa sahihi. Mzee alimjibu kwamba mtoto ni mzito kuliko mninga, na mwalimu mkuu akakubaliana naye.

Vijana wa kidato cha tatu walipiga randa wiki nzima. Mbao zilifungwa kwa bolti, chini zikapakwa oili chafu, na pembeni yakatobolewa matundu ya kutolea maji. Ndoo zikapigwa marufuku. Ukawa ufagio na kitambaa chenye unyevu tu.

Basi liliuzwa kama chuma chakavu miaka ya 1990, lakini mbao zilitolewa kwanza. Mkija kwenye mkutano, tazameni benchi refu lililo nje ya bwalo, upande wa jikoni. Matundu ya bolti bado yanaonekana, na mwenye kovu gotini hupenda kukalia hapo.