Radio ikinyamaza usiku: namna programu za kompyuta zinaamshwa upya zenyewe

Ni saa saba ya usiku. Studio imefungwa, watangazaji wako kwao, na zamu peke yake iko mlangoni. Lakini radio inaendelea: wimbo, indikatifu, tangazo la chanjo, tena wimbo. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta, ama ordinatere sawa vile wengi tunasema. Ndani yake kuko programu inayochagua wimbo unaofuata, ingine inayopeleka sauti kwenye mtambo, na ingine inayoipeleka kwenye intaneti. Haziko na dirisha kwenye skrini na hazingojee mtu abonyeze kitu. Ndiyo maana zinaitwa programu za nyuma.

Mafundi wanaziita pia "daemon". Jina hilo lisiogopeshe mtu. Lilianza kutumiwa mwaka 1963 huko Marekani, kwenye chuo cha MIT, na lilitolewa kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe kidogo kinachopanga chembechembe za hewa bila kupumzika. Maana yake ni mfanyakazi asiyeonekana, basi.

Shida ni kwamba mfanyakazi huyo anaweza kuanguka. Faili ya wimbo imeharibika, programu inashindwa kuisoma. Diski imejaa. Programu iko na kosa dogo linalokula memori polepole, na kisha siku kadhaa mfumo unaiua. Hapo radio inanyamaza. Na kwetu, radio kunyamaza usiku si jambo dogo. Wakaaji wa Goma wanakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wakati volkano Nyiragongo ililipuka. Usiku kama ule, ukimya wa radio unazaa uvumi, na uvumi unaweza kukimbiza watu kuelekea upande mbaya.

Nani anaiamsha?

Kwenye kompyuta za Linux, kuko programu moja inayoanza mbele ya zote na kupewa namba 1. Hiyo ndiyo inawasha zingine. Kwenye Debian na Ubuntu za leo, ni systemd, iliyotokea mwaka 2010. Programu iliyowashwa nayo ikikufa, systemd inajulishwa palepale, na inasoma namba ambayo programu imeacha: 0 maana yake imemaliza kazi vizuri, namba ingine maana yake kuko shida. Kisha inafuata maagizo ya fundi.

Agizo la kwanza linaandikwa kwenye faili ya huduma, katika sehemu ya Service: Restart=on-failure. Yaani: ikianguka kwa shida, iwashe tena. Kwa programu isiyopaswa kusimama hata kidogo, wengine wanaandika Restart=always. Hata hivyo, fundi akiisimamisha mwenyewe kwa amri ya systemctl stop, haiwashwe tena.

Agizo la pili ni muda wa kungojea: RestartSec=10, yaani sekunde 10. Bila agizo hilo systemd inangojea sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na pengine hiyo haitoshi kadi ya sauti iachiliwe ama mtandao urudie.

Kwenye Windows pia, orodha ya huduma iko na ukurasa ambapo fundi anachagua la kufanya huduma ikianguka mara ya kwanza, mara ya pili, na mara zinazofuata.

Kuamsha si kuponya

Hapa ndipo mafundi wengi wanadanganyika. Programu inaanguka, inaamshwa, wasikilizaji wanasikia ukimya mufupi tu, na asubuhi kila mtu anasema: iko sawa. Kumbe imeanguka mara arobaini usiku ule, na ile diski iliyojaa ingali imejaa. Ni sawa na mgonjwa wa malaria anayemeza dawa ya kushusha homa tu: homa inashuka, ugonjwa unabaki.

Ndiyo maana kuko kizuizi. Kwa kawaida, programu ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na kuanguka tena, systemd inaacha kujaribu na kuandika kwamba imeshindwa. Lakini angalia hesabu: ukiweka kungojea kwa sekunde 10, mara 5 haziwezi kuingia ndani ya sekunde 10. Kizuizi hakitafanya kazi hata siku moja, na programu itaanguka na kuamka bila mwisho. Panua muda huo katika sehemu ya Unit: StartLimitIntervalSec=300 na StartLimitBurst=5, yaani mara 5 ndani ya dakika 5.

Kuko pia hatari ingine: programu isiyokufa lakini imeganda. Iko hai kwenye orodha, ila sauti haitoke. Kwa systemd, kila kitu kiko sawa. Agizo la WatchdogSec linadai programu iseme "niko hai" kila baada ya muda fulani, na ikinyamaza inauliwa na kuwashwa upya. Lakini linasaidia tu kama programu yenyewe ilitengenezwa kwa kusema hivyo. Kwa radio, njia ya uhakika ni kusikiliza sauti inayotoka. Programu kama Liquidsoap inaweza kutambua ukimya na kuingiza muziki wa akiba.

Na umeme ukikatika? Hakuna programu inayoweza kuamsha kompyuta iliyozimika. Tafuta kwenye mipangilio ya BIOS chaguo la kuwaka yenyewe umeme ukirudia, kompyuta nyingi ziko nalo. Kisha tumia systemctl enable ili huduma yako ianze pamoja na mashine. Bila hiyo, grupu itawashwa, kompyuta itawaka, na radio itabaki kimya.

Mwisho, kila asubuhi, mbele ya kufungua mikro, fundi asome daftari la usiku: journalctl -u, pamoja na jina la huduma. Mule kumeandikwa saa ya kila kuanguka. Mara moja kwa mwezi inaweza kuwa bahati mbaya. Kila usiku saa ileile, kuko kitu kinachosababisha: pengine ni wimbo mmoja ulioharibika kwenye orodha. Uondoe, na usiku unaofuata usome tena daftari.