Huruma Isiyosikiliza: Usawiri wa Kibera katika Filamu, Tashtiti na Vichekesho

Historia ya ubaguzi wa rangi katika sanaa za Marekani huelezwa zaidi kwa kutaja dharau: waigizaji Wazungu wa karne ya 19 waliojipaka masizi ili kumkejeli Mweusi, kisha filamu ya D. W. Griffith, The Birth of a Nation (1915), iliyomsawiri kama tishio. Ubaguzi huo una sura ya pili, iliyo ngumu zaidi kutambulika kwa kuwa huja imevaa joho la huruma. Makala haya yanadai kwamba usawiri wa Kibera, jijini Nairobi, ni kielelezo cha sura hiyo, na kwamba jibu kali zaidi limetolewa na tashtiti na vichekesho vya Wakenya.

Kibera yenyewe ni zao la utawala wa kibaguzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaweka hapo askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, na mwaka 1918 ikalitangaza eneo la ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Neno 'kambi' katika jina la kijiji kama Kambi Muru linaikumbusha asili hiyo. Katika jiji lililotenga makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, Mnubi aliruhusiwa kukaa bila kumilikishwa ardhi. Jamii hiyo ilipata hatimiliki mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288 tu.

Historia hiyo haionekani katika The Constant Gardener (2005), filamu ya Fernando Meirelles inayotokana na riwaya ya John le Carré (2001), ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera. Ni kweli kwamba filamu inazishutumu waziwazi kampuni zinazowafanyia Waafrika majaribio ya dawa. Hata hivyo, muundo wake unaisaliti dhamira. Tessa anamsihi mumewe, Justin, wampe lifti kijana Kioko na mtoto mchanga wa dada yake aliyefariki, Justin anakataa. Baadaye, nchini Sudan, Justin huyohuyo anamsihi rubani amwokoe mtoto wa Kiafrika. Watoto hao wana uzito katika usimulizi kadiri tu wanavyoudhihirisha moyo wa Justin. Mwafrika amegeuzwa kipimo cha utu wa Mzungu.

Mwaka huohuo wa 2005, Binyavanga Wainaina alichapisha katika jarida la Granta tashtiti yake, How to Write About Africa. Wainaina haombi picha nzuri zaidi ya Afrika. Kwa kinaya, anajifanya mshauri wa mwandishi mgeni, hata msomaji aliyezoea kuhurumia akajikuta ndiye anayechekwa. Vichekesho vya The Samaritans, vilivyobuniwa na Hussein Kurji, vinafuata njia hiyo: vinaonyesha shirika la misaada la kubuni jijini Nairobi, ambalo kazi yake halisi ni kujiendesha lenyewe.

Isidhaniwe kwamba suala ni rangi ya anayeshika kamera. Togetherness Supreme (2010) iliongozwa na Mmarekani, Nathan Collett, lakini aliitengeneza pamoja na vijana wa Kibera. Wahusika wake, waliomo katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, wana misimamo, wanabishana na wanakosea. Hapo ndipo penye kigezo cha uhakiki: mhusika asiyepewa nafasi ya kukosea hajapewa utu, hata akililiwa vipi.