Mfalme Asiye na Msafara

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliowahi kumkaribisha mfalme hawakupona kwa wepesi. Julai 1575, Malkia Elizabeth I wa Uingereza alikaa siku 19 Kenilworth, katika ngome ya Robert Dudley. Baraza lake, watumishi, farasi na mikokoteni ya mizigo vilifuatana naye, na tafrija zote zikamwelemea mwenyeji. Ndivyo dola ilivyotembea: palipolala malkia, ndipo palipokuwa na serikali.

Miaka 300 baadaye mambo ya namna hiyo yalionekana katika Ziwa Viktoria. Machi 1875, Henry Morton Stanley aling'oa nanga Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, akalizunguka ziwa kwa mashua. Alipofika Buganda mwezi wa Aprili, alimkuta Kabaka Mutesa I kwenye ufuko wa Usavara, katika matembezi ya uwindaji, pamoja na baraza lake zima.

Na hata huo mji mkuu ulikuwa kama kituo cha safari. Majumba yalijengwa kwa matete na nyasi. Kabaka akifa, au akitaka, mji ulihamia kilima kingine. Kila chifu wa jimbo alipewa kiwanja upande wa njia iendayo jimboni kwake, hata mji ukawa mfano wa nchi nzima. Ndizi, mifugo na nguo za magome zilitoka vijijini kuulisha. Kwa Waganda, kutawazwa ni "kuila" Buganda, na aliyelipa kodi aliijua maana ya neno hilo.

Msafara ulibeba hukumu pia. Mei 1886, Mwanga II, mwana wa Mutesa, alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Huko, aliporudi kuwinda, ndiko alikowahukumu vijana wa ikulu waliokuwa Wakristo; wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni.

Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Akavuka ziwa kwa mtumbwi, na vijana wachache tu, hadi Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, ambako hali yake ilikaribia ya mateka. Kisha akakimbilia Bukumbi, kusini ya Nyamagana ya leo, kwa Mapadri Weupe. Hapakuwa na machifu wa kumsujudia wala jimbo la kumletea ndizi. Aliyeila nchi sasa alikula kwa hisani, tena ya watu wa dini ambayo wafuasi wake aliwachoma.

Mwaka 1889 alirudi kwa chombo cha mfanyabiashara Charles Stokes. Baraza lake lilikusanyika kwanza kisiwani Bulingugwe, na Oktoba akaingia tena Mengo. Lakini 1897, baada ya kuwaasi Waingereza na kushindwa, alikimbilia upande wa Wajerumani, nao wakamzuilia Mwanza. Mara mbili pwani hiyo ya kusini ilimpokea Kabaka, na mara zote mbili ilimpokea mtu, si ufalme. Ufalme ulikuwa umebaki ng'ambo, kwa wale waliokuwa wakimfuata na wale waliokuwa wakimlisha.

Alitoroka, akakamatwa 1899, akafa Shelisheli 1903. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa Buganda, akazikwa Kasubi, ubavuni mwa baba yake. Safari hiyo ya mwisho alikuwa na msafara.