Dawa ya kabla ya kiharusi: ya panya na ya kwetu

Hapa Magongo mtu akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande na mkono mmoja ukalegea, neno la kwanza barazani huwa ni upepo mbaya. Ami yangu alipatwa hivyo baada ya Isha. Tukamsomea mpaka alfajiri, na mimi nikiwemo, ndipo tukatafuta tuktuk ya kumpeleka hospitali. Kumsomea halikuwa kosa. Kosa ni kwamba tuktuk ilingoja asubuhi.

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Mara nyingi damu huganda ikaziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka damu ikavuja. Mshipa ukizibwa, seli za pale katikati hufa kwa dakika chache, lakini zilizo pembeni huwa zimezirai tu, hazijafa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, seli milioni 1.9 hupotea kila dakika. Hizo zilizozirai ndizo watafiti wanazozihangaikia miaka yote hii.

Hufanya hivi. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, uzi mwembamba wa nailoni ukapitishwa kwenye mshipa wa shingo mpaka uzibe mshipa wa ubongo. Baada ya muda uzi hutolewa. Kesho yake ubongo hukatwa vipande na kutiwa dawa ya rangi: palipo hai huwa pekundu, palipokufa hubaki peupe. Panya waliopewa dawa hulinganishwa na wasiopewa, na mara nyingi dawa ikitangulia kabla ya uzi, weupe hupungua.

Mfano mzuri ni statini, vidonge vya kushusha kolesteroli. Mwaka 1998 Matthias Endres na wenzake walichapisha utafiti wa panya waliopewa statini kwa siku kadhaa kabla ya mshipa kuzibwa. Ubongo wao uliharibika kidogo kuliko wa wenzao, na kolesteroli yao wala haikushuka. Siri ilikuwa gesi ya nitriki oksidi, ambayo mwili hutengeneza ili kutanua mishipa, dawa iliiongeza. Panya waliozaliwa bila kimeng'enya cha kuitengeneza hawakufaidika.

Basi mbona hatuna dawa hiyo hospitalini? Mwaka 2006 watafiti wa Australia walihesabu matibabu 1,026 yaliyowahi kujaribiwa kwa ajili ya kiharusi. Ni 114 tu yaliyofika kwa binadamu. Mwaka huohuo dawa iliyoitwa NXY-059 ilitia watu matumaini. Jaribio la pili, la wagonjwa zaidi ya 3,000, likaonyesha haisaidii kitu. Kwa maoni yangu hilo si la kushangaza sana. Panya wa maabara ni kijana, hana presha wala sukari, na mwenye kumtibu anajua dakika ambayo mshipa utazibwa, kwa kuwa ni yeye anayeuziba. Ami yangu ana miaka 63, na hakuna aliyempigia simu kumwambia kiharusi kinakuja usiku.

Kilichofaulu kwa binadamu ni kufungua njia ya damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase, iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 itumike ndani ya saa 3, na utafiti wa 2008 ukaonyesha inafaa mpaka saa 4 na nusu. Lakini lazima kichwa kipigwe picha kwanza, maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyo itazidisha kuvuja. Sisi tulikuwa tumeshapitisha saa 8.

Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006, ulikuta viharusi vipya karibu 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 mjini Dar, na karibu 109 kule Hai, baada ya kusawazisha umri. Idadi ya Dar ilizidi ya nchi nyingi tajiri.

Kwa binadamu, dawa ya kutangulia ipo, nayo ni kidonge cha presha. Hakifanyi seli zistahimili njaa ya damu. Kinapunguza uwezekano wa mshipa kuziba au kupasuka. Statini nazo hupewa wenye kuzihitaji, kwa kupimwa na daktari, si kwa kwenda kuomba dukani. Tatizo ni kwamba presha haiumi, basi mtu akijisikia mzima huacha. Ramadhani ndiyo huzidi, ilhali ukimuuliza daktari mapema anaweza kukupangia vidonge vya daku na vya baada ya kufuturu.

Vya ami tulivikuta chini ya mto, pakiti haijafika nusu. Aliviacha mfungo ulipoandama. Siku hizi mkewe humhesabia kimoja kimoja, naye huvipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia bado hauinuki.