Neno "Manamba" na Afya ya Watu wa Mkonge

Mjini Tanga, mtu wa Chumbageni akimwita mwenziwe manamba, humdharau. Yafaa tuulize dharau hiyo imetoka wapi, kwa maana historia ya neno hili ni historia ya ufukara na maradhi pia.

Mkonge uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Miche elfu ilitolewa Florida. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipoenea, Wabondei, Wadigo na Wasambaa, waliokuwa na ardhi yao, hawakupenda kukata mkonge. Basi watu wakatafutwa mbali: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wangoni, hata Warundi. Tangu 1944 kazi ya kuwaandika ilishikwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Kila aliyeandikwa alipewa namba. Ndipo lugha ikamzaa manamba.

Kiambishi ma- hakina dharau peke yake, kwa kuwa twasema pia mabwana. Dharau imo katika shina. Mkulima na mvuvi hutajwa kwa kazi zao, Mha na Mmakonde kwa asili zao. Manamba hutajwa kwa hesabu ya mwajiri.

Na aliyehesabiwa kwa ajili ya kazi alitibiwa kwa ajili ya kazi. Nyumba, posho na dawa vilifuata mkataba. Ulipokwisha, navyo vilikwisha. Mwenyeji alipougua, alikuwa na shamba la kumlisha na jamaa wa kumwuguza. Mgeni wa kambini hakuwa na hayo.

Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge. Kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei. Mwaka 1967 Serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba. Na karne ilipokaribia kwisha, mazao yalikuwa yameshuka hata karibu tani 20,000. Mwajiri aliondoka, lakini si wote walioletwa naye waliorudi kwao. Waliobaki walibaki bila mkataba na bila ardhi ya urithi. Mlango wa Hospitali ya Bombo ukiwa wazi, asiye na nauli wala wa kumsindikiza bado yu mbali nao.

Kwa hiyo tusiseme kwamba makabila haya yana maradhi yao. Tofauti ya afya haikutoka katika damu. Ilitoka katika mkataba uliowaleta watu bila kuwapa pa kukaa.