Utengamao wa Majeruhi, Muleba na Bukoba

Utengamao wa majeruhi ni kazi ya kumrudishia mtu aliyeumia vibaya siha, nguvu na harakati za viungo vyake, tangu siku tabibu anapomaliza kuufunga mfupa mpaka siku mwenyewe anaposhika jembe lake tena. Na neno lenyewe lina nasaba na kitenzi kutengemaa, yaani kukaa sawa baada ya kuharibika. Makala hii yahusu hasa nchi ya vilima na migomba iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako watu aghalabu huvunjika kwa ajali za pikipiki na kwa kuanguka mitini, na ambako zilzala ya tarehe 10 Septemba 2016, yenye ukubwa wa 5.9, iliwajeruhi mamia katika alasiri moja. Majeruhi wa Muleba hupokewa Rubya, Ndolage au Kagondo, wa Bukoba katika hospitali ya mkoa, na wenye hali nzito hupelekwa Bugando, Mwanza.

Kosa kongwe katika jambo hili ni kudhani ya kuwa mapumziko na kulala ni kitu kimoja. Mfupa uliovunjika wataka utulivu, hilo ni kweli: kwa mtu mzima ule wa mkono huchukua takriban wiki 6, na ule wa paja wiki 12 au zaidi, kabla haujaweza kustahimili kazi, lakini misuli iliyouzunguka huanza kunywea ndani ya siku chache za kutotumika, goti hukakamaa, damu ya mguu huenda polepole hata ikaweza kuganda, na ngozi ya makalio huota vidonda vya kulalia. Tabibu Mwingereza George Perkins alilitambua hilo, akaeneza njia ya kuuvuta mguu uliovunjika paja kwa uzito unaoning'inia kitandani, huku mgonjwa akilikunja na kulikunjua goti lake kila siku, na hospitali nyingi za Afrika zisizo na zana kubwa za upasuaji zimeitegemea njia hiyo. Mwenye plasta naye hana udhuru, kwani aweza kuukaza msuli wa paja bila kukisogeza kiungo, akahesabu hadi tano, akaulegeza, akarudia. Na aweza kuinua chupa zilizojaa maji kwa mikono yote miwili, ili siku ya kupewa magongo isimkute na mabega malegevu.

Lakini mwili haushiki kazi mpaka moyo uridhie. Wiki za kwanza nyumba hujaa wageni. Ufikapo mwezi wa pili wageni wamepungua, maumivu hayajaisha, usingizi hauji, na majeruhi huanza kujiona mzigo kwa jamaa zake. Hao jamaa nao, kwa mapenzi safi, humwambia kila anapojaribu kuinuka, “Lala, baba, bado unaumwa,” wakamletea maji, wakamletea chakula, wakamnyang'anya hata kisu cha kumenyea ndizi. Na mwandishi asema bila kusita ya kuwa huruma ya namna hiyo, ijapokuwa tukufu kwa asili yake, ni mshirika wa ukakamavu wa magoti.

Ajabu ni kwamba dawa iko mlangoni. Kibanja cha Mhaya mwenyeji wa nchi hii, yaani shamba lile la migomba na kahawa, huizunguka nyumba yenyewe, hata mtu akipiga hatua kumi amekwisha kufika kazini. Basi majeruhi amenye ndizi akiwa ameketi. Wiki nyingine aufikie mgomba wa kwanza, kisha wa tano, apogoe majani makavu huku ameegemea gongo. Na msimu wa kahawa ukiingia achume matawi ya chini juu ya kigoda, na ya juu atakapoweza kusimama. Kipimo chake ni maumivu: yakitulia kabla ya asubuhi, kazi ilikuwa ya kadiri, yakilala naye na kuamka naye, apunguze. Akivimba shavu la mguu mmoja, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, aende hospitali siku ileile.

Chakula cha nyumbani chafaa mno, maadamu matoke yasiliwe peke yake: maharage, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na senene wakati wao. Rubisi, yaani pombe ya ndizi, na tumbaku huchelewesha mfupa kuunga.

Watanzania humkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu kwa mbio ndefu za Mexico za tarehe 20 Oktoba 1968, alipoanguka, akaumia goti, na bado akamaliza wa mwisho. Ni haki kukumbukwa hivyo, bali kwa aliye kitandani kisa kikubwa zaidi ni cha Edinburgh, ambako mwaka 1970 goti lile lile lilimfikisha wa tano katika mbio ndefu za Jumuiya ya Madola.

Kwa mwenye magongo, vilima vya Muleba vina sheria yake: katika kupanda, mguu mzima hutangulia, magongo na mguu mgonjwa vikafuata, katika kushuka, magongo hutangulia pamoja na mguu mgonjwa. Mvua inaponyesha njia huteleza sana, na ncha za magongo sharti zivalishwe mpira.