Mont Hoyo na Barabara Iliyochagua Wageni

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, swali la kwa nini hakuna tena anayekwenda kutazama mapango na maporomoko ya Mont Hoyo hujibiwa kwa neno moja: vita. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Tangu mapigano ya 1999 barabara inayotoka Komanda kuelekea Luna na Beni imekuwa ya mashaka, na Mei 2021 mkoa wa Ituri, ambao Bunia imo, uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Lakini vita inaeleza tu kwa nini wageni hawaji sasa. Haielezi kwa nini, hata katika miaka ya amani, mtu wa Bunia hakuwa mgeni aliyekusudiwa pale. Hoja ya makala hii ni kwamba utalii wa Mont Hoyo ulizaliwa kando ya barabara iliyojengwa kwa shughuli nyingine, ukaishi kwa kumtegemea msafiri wa mbali anayepita, na udhaifu huo wa kuzaliwa nao ulikwisha kuuangusha kabla bunduki hazijaanza kulia.

Tuanze na mlima wenyewe. Uko kusini mwa Bunia, kilomita 100 na ushei kwa barabara, katika nchi ya Walese Vonkutu, Irumu. Si mrefu, haufiki mita 1,500. Utajiri wake uko ndani, katika mawe ya chokaa. Mvua inayochujwa na udongo wa msitu hubeba asidi kidogo, na asidi hiyo hula chokaa polepole, hadi ufa unakuwa njia na njia inakuwa ukumbi. Maji hayo hayo yakidondoka kutoka darini huacha chembe ya chokaa kila tone, na chembe zikirundikana huota nguzo, moja ikining'inia kutoka juu, nyingine ikiinuka kuilaki kutoka chini. Nje, maji yanateremka msituni ngazi kwa ngazi. Vitabu vya wakoloni viliyaita Escaliers de Vénus. Upande wa mashariki ardhi inashuka kwenye bonde la Semliki, na ng'ambo ya bonde ni milima ya Ruwenzori.

Wageni wa kwanza wa mahali hapa hawakuandika kitabu chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba katika pango la Matupi, na katika tabaka za chini akakuta zana zenye umri wa miaka 40,000 hivi. Ni vitu vidogo ambavyo asiyejua angevipiga teke: vipande vya kwatzi vilivyobanduliwa kwa ufundi, vingine si vikubwa kuliko kucha ya kidole gumba, vya aina ambayo hupachikwa kwenye mti au mfupa ili kupata makali. Ilipotangazwa, habari hiyo iliwashtua wataalamu, kwa kuwa wengi walidhani ufundi wa zana ndogo kama hizo ulikuja baadaye sana. Katika mifupa iliyokutwa pangoni imo ya wanyama wa mbuga, ishara kwamba zamani hizo nyasi zilikuwa karibu na mlango, mahali ambapo leo ni msitu. Kwa hiyo anayedai kwamba Mont Hoyo iligunduliwa na Wabelgiji amekosea kwa makumi ya maelfu ya miaka, na bado hatujawataja Walese na Wambuti, ambao msitu huu ni nyumba yao.

Kilichokuja na Wazungu ni jambo jingine: desturi ya kupanda mahali kwa ajili ya kutazama tu, kisha kuandika. Kwa Ituri desturi hiyo ina tarehe. Juni 28, 1887, mpelelezi Stanley aliondoka Yambuya na kuingia msituni akimtafuta gavana Emin Pasha, na msafara wake ulitumia zaidi ya miezi mitano kabla ya kutokeza kwenye nyasi. Kilima alichosimama akaiona nchi ya wazi mbele yake alikiita Pisgah, kwa jina la mlima wa Musa, na Desemba 13 alifika ukingoni mwa uwanda, akaliona Ziwa Albert chini yake. Njia yake ilipita kaskazini mwa Mont Hoyo, lakini mfano ulikwisha wekwa. Mtazamaji alikuwa mmoja, na waliomwezesha kutazama walikuwa mamia. Wengi wao walikuwa Wazanzibari, wapagazi waliosema Kiswahili hiki tunachokiandika, na wengi walikufa kwa njaa njiani. Mandhari ya kwanza ya Ituri iliyosifiwa vitabuni ilifikiwa kwa migongo yao.

Dhahabu ndiyo iliyoleta barabara. Iligunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903, na 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Machimbo yalihitaji chakula, mashine na watu, na kwa hiyo Irumu, kisha Bunia, pakawa njia panda: magharibi barabara ya Stanleyville (leo Kisangani), mashariki mteremko wa Kasenyi ziwani, kusini njia ya Beni na Kivu. Hakuna aliyekata barabara hizo ili watu wakaone maporomoko. Zilipokwisha kuwepo, ofisi ya utalii ya Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na kazi nyepesi ya kuwaonyesha wenye magari kwamba, kama kilomita 13 tu kutoka barabara kuu, kuna mapango, maji yanayoanguka na nyumba ya wageni yenye kitanda safi. Wambuti nao waliwekwa kwenye orodha ya vya kuona, jambo ambalo linastahili kuitwa kwa jina lake: aibu. Mambo hayakuwa tofauti sana kule Epulu, ambako Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na kambi yake kuanzia miaka ya 1930. Msafiri alilala, akaonyeshwa msitu na watu wake, akaendelea na safari.

Karani wa Bunia au mchimbaji wa Kilo alikuwa wapi katika ratiba hiyo? Aliyetaka kukaa mbali na eneo lake la kimila kwa muda mrefu alihitaji hati ya ruhusa, passeport de mutation. Mji wake ulikuwa na saa ambayo Mwafrika hakutakiwa kuonekana mtaa wa Wazungu. Hoteli zilikuwa za Wazungu kwa desturi, na ubaguzi huo ulianza kulegea miaka ya mwisho ya 1950 tu, utawala wenyewe ukiwa unakaribia kufa. Mtu huyo alifika mlimani kwa sura moja: akibeba mizigo, akipika, akifyeka njia.

Uhuru wa 1960 ungeweza kubadili hesabu hiyo, ila mpango ulibaki ule ule. Uasi wa 1964 ulipokwisha wageni walirudi, safari hii wakiwemo vijana wa Ulaya waliovuka Afrika kwa malori, na bado aliyengojewa alikuwa mpita njia mwenye fedha za kigeni. Zaïrianisation ya Novemba 30, 1973, ilihamisha mali za wageni kwenda mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwa na mtaji wala nia ya kuziendesha. Barabara ziliachwa zikaliwa na matope, hadi safari ya siku moja ikawa ya wiki. Kisha uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993 katika miji ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, uliwafukuza wageni waliosalia. Tarehe hizi zina uzito, kwa sababu mapigano ya Ituri yalianza 1999. Utalii wa mpita njia ulikufa mpita njia alipokoma kupita, na hapakuwa na mwenyeji wa kuurithi.

Kuna watakaopinga kwamba kutazama maji yakianguka ni starehe ya Kizungu, na kwamba mwenyeji asingeshika tikiti hata angepewa. Wagenia wa Kisangani kweli huyaendea maporomoko kwa kazi, na mitego yao imefungwa kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya mkondo. Lakini tazama Amboni, karibu na mji wa Tanga, Tanzania. Nayo ni mapango ya chokaa. Serikali ya mkoloni iliyalinda 1922, na 1963 yakakabidhiwa idara ya mambo ya kale. Wanafunzi huletwa kujifunza, mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na wapo wanaokwenda kutambika ndani ya mapango hayo. Hakuna anayewaambia watu wa Tanga kwamba pango ni la Wazungu. Tofauti na Bunia ni umbali wa kilomita chache badala ya mia, na idara iliyomhesabu mwenyeji kuwa mgeni halali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: yote haya ni maneno matupu maadamu wasafiri wanauawa kwenye barabara ya Komanda–Luna. Ni kweli, na anayehimiza watu waende Mont Hoyo leo anawapeleka mautini. Usalama ni sharti la kwanza. Ila usalama peke yake utarudisha hali ya 1958, mapango yakiwa ya wengine. Na ipo kazi isiyongoja barabara. Taarifa ya Van Noten kuhusu Matupi ilichapishwa 1977, kwa Kiingereza, katika jarida la Antiquity, na mtoto wa shule wa mtaa wa Mudzi-Pela, Bunia, hawezi kuisoma. Walimu wa Chuo Kikuu cha Bunia na wa chuo cha ualimu, ISP, iwekeni habari hiyo katika Kiswahili na ifundisheni darasani, pamoja na historia ya wapagazi wa 1887. Na siku njia itakapofunguka, bei ya kwanza kuandikwa langoni iwe ya mwanafunzi wa Ituri, tena kwa faranga.